Nyumba Isiyohamiwa na Haki ya Anayeitunza



Leo naomba tuyaweke kando kidogo masomo ya Dominika, tuzungumze juu ya jambo la kawaida kabisa ambalo karibu kila familia katika parokia hizi za pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam inalifahamu: nyumba iliyokwisha kujengwa, au iliyokaribia kwisha, lakini mwenyewe bado hajahamia. Nani anaitunza? Anaitunzaje? Na anaitunza kwa malipo gani? Swali la tatu ndilo hasa lililonifanya niandike, ila siwezi kulifikia bila kupitia yale mawili ya kwanza.

Sisi hatujengi kama wanavyojenga wenzetu wa nchi zile ambako benki humkopesha mtu fedha za nyumba nzima, akajengewa kwa miezi michache na kukabidhiwa ufunguo. Wengi wetu hujenga kwa kujinyima. Mwaka huu msingi, mwakani kuta, mwaka wa tatu lenta, kisha kusubiri hadi zipatikane fedha za kupaua. Ndiyo maana ukipita Chanika, Goba, Bunju, Kibamba au Kigamboni utayaona mapagale mengi yaliyosimama miaka bila paa, na pembeni yake nyumba zenye mabati mapya na madirisha ya vioo ambazo jioni haziwashi taa. Nyumba ikishapata milango, mwenyewe huweza kuchelewa bado. Umeme haujafika. Maji hakuna. Barabara haipitiki wakati wa masika. Watoto hawajamaliza mwaka wa shule. Kodi ya miezi sita kule alikopanga amekwisha kuilipa. Au yeye mwenyewe yuko kazini Mwanza, au Muscat, au London, na nyumba anaijenga kwa simu. Tena wako waliojenga kwao Rombo au Marangu nyumba nzuri ambazo hufunguliwa mwezi wa Desemba, familia inapokwenda kula Krismasi, kisha zikafungwa tena.

Katika hayo yote sioni kosa. Anayesubiri hadi mambo yake yatengemae ana busara kuliko anayehamia katika deni. Kosa ni kudhani kwamba nyumba ikifungwa kwa kufuli imekwisha kutunzwa.

Nyumba hujengwa ili ikaliwe, na mkaaji ni fundi wake wa kila siku hata kama mwenyewe hajui kwamba anaifanya kazi hiyo. Anapofungua dirisha asubuhi anatoa unyevu. Anapooga anayajaza maji mabomba. Anapofagia kona anaharibu njia ya mchwa. Anaposikia tone likidondoka usiku anajua kwamba bati limelegea. Anapowasha taa jioni anamwambia mpita njia kwamba humu mna mtu. Mwondoe mkaaji, na kazi hizo zote zinasimama siku moja, wala hakuna kufuli linaloweza kuzifanya.

Chukueni mfano wa choo. Chini ya kila sinki la choo na kila tundu la bafu pana kona inayobakiza maji kidogo, na maji hayo ndiyo ukuta kati ya chumba chako na shimo la maji machafu. Choo kisipotumika kwa majuma kadhaa, katika joto hili la Pwani, maji yale hukauka. Hapo harufu hupanda, na mende nao hupanda. Mwenye nyumba akija baada ya miezi minne hudhani fundi alimfanyia kazi mbaya, kumbe kilichokosekana ni ndoo moja ya maji kila juma.

Au chukueni mchwa. Yeye hutoka ardhini, akajenga njia nyembamba ya udongo, unene wake kama wa penseli, kutoka sakafuni hadi kwenye fremu ya mlango, au hadi juu kwenye mbao za kenchi. Anayeiona njia hiyo mapema huibomoa na kumwita mtu wa dawa. Asiyekuwapo huikuta baada ya mwaka, fremu kwa nje ikiwa nzima na rangi yake, lakini akiigonga kwa kidole inalia kama debe tupu.

Juu ya dari, popo huingia kupitia uwazi mdogo ulioachwa kati ya bati na ukuta. Kinyesi chao huweza kuota ukungu unaoleta maradhi ya mapafu, hivyo asikifagie mtu kikiwa kikavu. Akinyunyizie maji kwanza na afunike pua na mdomo. Panya nao hutafuna nyaya, na ndiyo sababu nyumba iliyokaa muda mrefu isiwashwe umeme wote kwa mara moja kabla fundi umeme hajaikagua. Kisha ipo mvua. Kwetu masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Majani yakiziba mifereji ya paa, au msumari mmoja ukilegea, tone dogo huangukia dari ya jipsamu siku baada ya siku, hadi kipande kizima kinashuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walikuwa wakizungumza na mtu mwenye nyumba.

Kuhusu wezi sina haja ya kueleza sana. Koki, nyaya za shaba, madirisha ya aluminiamu, hata milango ya chuma hung'olewa usiku na kuuzwa kesho yake kwa bei ya chakavu, ambayo ni sehemu ndogo mno ya fedha ulizolipa. Na kwa nyumba ambayo umeme umekwisha kuingia, msisahau kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo ilianza kukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, na nyumba isiyonunua umeme kwa muda mrefu haijasamehewa. Deni linamngoja mwenyewe siku atakapoingiza namba za kwanza kwenye mita.

Tena nyumba tupu haimhusu mwenyewe peke yake. Inawahusu majirani. Chemba lisilo na mfuniko ni mtego kwa mtoto wa jirani anayekimbiza mpira. Tenki lililoachwa wazi, ndoo ya rangi iliyosahauliwa na mafundi, gurudumu bovu, vyote hivyo hushika maji ya mvua. Mbu anayeeneza homa ya dengi hupenda maji yaliyotulia ndani ya vyombo vya namna hiyo, na kutoka yai hadi mbu kamili humchukua juma moja au zaidi kidogo tu. Jiji hili lilipatwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014, likapatwa tena mwaka 2019. Mbu aliyezaliwa katika uwanja wako usio na mtu hakuumi wewe uliye mbali. Anamuuma bibi wa nyumba ya pili.

Bwana wetu aliwahi kutoa mfano wa nyumba iliyosafishwa na kupangwa vizuri lakini ikaachwa tupu, na wabaya waliorudi humo wakawa wengi kuliko wa mwanzo. Yeye alikuwa akizungumzia moyo wa mtu, wala siugeuzi mfano wake kuwa somo la ujenzi. Nasema tu kwamba wasikilizaji wake waliuelewa upesi kwa sababu walikuwa wameziona nyumba tupu. Nasi tumeziona.

Hivyo basi, mwenye nyumba huyafahamu haya yote, na akiwa na akili humtafuta mtu. Na hapa, wapendwa, ndipo penye jambo langu.

Mtu huyo ni nani? Mara nyingi ni kijana wa ukoo aliyeletwa kutoka kijijini, akaambiwa njoo mjini upate pa kuanzia. Mara nyingine ni mzee aliyemaliza nguvu za kubeba zege. Na mara nyingi sana ni familia nzima, baba, mama na watoto watatu, wanaoishi katika chumba kimoja kisicho na dari, wakipika nje kwa mafiga, wakinunua maji kwa ndoo. Wamekuwapo tangu nyumba ilipokuwa pagale. Wao ndio waliomwagilia kuta asubuhi na jioni ili zishike. Wao ndio waliohesabu mifuko ya saruji iliyoshushwa na kulala karibu nayo. Wao hufyeka majani, humwagilia miche ya miembe, huwafungulia mafundi, humpigia simu mwenye nyumba bati likiezuliwa. Watoto wao wanasoma shule ya msingi ya hapo jirani. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo ya mtaa huo wao ndio wanaohudhuria, maana mwenye nyumba bado yuko katika jumuiya ya kule alikopanga.

Ukimuuliza mwenye nyumba anawalipa kiasi gani, jibu huwa moja, tena hutolewa kwa moyo safi kabisa: «Hapana, Padre, wale wanakaa bure.»

Napenda kulipinga neno hilo bure. Nalipinga kwa sababu linasemwa na watu wema, wala si wanyonyaji, nao hawaoni kwamba lina dhuluma ndani yake. Kukaa kwao pale ndiyo kazi yenyewe. Wangeondoka leo jioni, kesho asubuhi ungetafuta mlinzi na kumlipa. Baba yule hawezi kuchukua kibarua cha usiku mahali pengine, kwa kuwa usiku ndio wakati unaomtaka awe kwako. Hawezi kwenda msibani kwao kwa siku nne bila kukuomba ruhusa. Sikukuu, masika, ugonjwa, yeye yupo. Je, mtu ambaye hawezi kuondoka bila ruhusa anakaa bure? Chumba kile ni chombo cha kazi yake. Kumpa chumba na kusema umemlipa ni sawa na kumpa dereva usukani ukasema huo ndio mshahara wake.

Najua majibu mnayoyafikiri, maana nimeyasikia, na ni haki niyapime moja moja.

La kwanza ni hili: «Tulikubaliana, naye aliridhika.» Ndiyo, aliridhika. Alikuwa hana pa kulala. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alilishughulikia jibu hilohilo. Alifundisha kwamba makubaliano peke yake hayaufanyi mshahara uwe wa haki. Mtu aliyekubali masharti magumu kwa sababu ya shida, akiogopa shida kubwa zaidi, amelazimishwa. Maandiko nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, yanaagiza kwamba maskini aliyeajiriwa apewe ujira wake siku ileile kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wake unautazamia. Mtunzaji wa nyumba yako ameshuhudia jua likitua mara ngapi?

La pili: «Mimi mwenyewe sina. Ninajenga huku ninapanga.» Jibu hili naliheshimu, kwa sababu ni kweli kwa wengi wenu. Lakini linahitaji kufikiriwa hadi mwisho. Fundi wa jipsamu hukumwambia huna. Muuza mabati hukumwambia huna. Ulipokosa fedha za mabati ulisubiri mwaka mzima, wala hukuyachukua dukani bila kulipa. Kwa nini basi ni mtunzaji peke yake, aliye fukara kuliko wote waliogusa nyumba hiyo, anayeombwa kuchangia ujenzi kwa miaka ya maisha yake?

La tatu: «Hawa watu ni wezi, ukiwaamini wanakumaliza.» Wako walioiba, sikatai. Mtunzaji mwingine amewahi kuuza saruji, mwingine amewapangisha watu vyumba kwa siri. Lakini tazameni na upande wa pili: kitu chochote kikipotea, hata kama aliyekichukua ni fundi au ni mpwa wa mwenye nyumba, wa kwanza kupelekwa kituoni ni mtunzaji. Na mtu usiyemlipa unamjaribu kila siku kwa mali iliyolala mbele ya macho yake na njaa iliyolala ndani ya nyumba yake. Mshahara hauwezi kumgeuza mwizi kuwa mwaminifu. Huweza, hata hivyo, kumwondolea mwaminifu jaribu.

La nne husemwa kwa sauti ya chini: «Akikaa muda mrefu atadai nyumba ni yake.» Hofu hii inatokana na habari ya miaka 12, ambayo ndiyo muda uliowekwa katika sheria yetu ya ukomo wa madai ya mwaka 1971 kwa anayetaka kudai ardhi. Lakini mahakama zetu zimekwisha kushika msimamo kwamba mtu aliyekaribishwa katika ardhi ya mwenzake hawi mmiliki kwa sababu tu amekaa muda mrefu. Kinacholeta mgogoro ni ukimya: hakuna maandishi, hakuna shahidi, waliopatana wamekufa, na watoto wa pande mbili wanabaki kila mmoja na hadithi yake. Karatasi ya mkataba unayoiogopa ndiyo inayokulinda, kwa maana inaeleza wazi kwamba fulani yumo humu kama mfanyakazi wa fulani.

Sasa, tufanyeje? Naleta mapendekezo machache, nayo hayahitaji utajiri.

Kwanza, andikeni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na mlinzi wa nyumba yako ni mfanyakazi kama mwingine yeyote. Sheria hiyohiyo inampa walau saa 24 za mapumziko katika kila juma, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku. Inakataza pia kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaomwachia nyumba kijana mdogo wa shule na kumwambia ni mazoezi ya maisha. Kima cha chini cha mshahara hutangazwa na serikali na hubadilika, basi ulizeni katika ofisi ya kazi. Andikeni nakala mbili, na mpite nazo kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ili naye amjue mtu anayeishi katika eneo lake.

Pili, kabidhianeni kwa daftari. Siku ya kwanza zungukeni pamoja nyumba nzima. Koki ngapi, taa ngapi, vitasa vingapi, funguo ngapi na nani anashika nakala, vioo vipi vilikuwa vimepasuka tangu awali. Kila mmoja atie sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hilohilo humwokoa mtunzaji siku atakaposingiziwa.

Tatu, elezeni kazi yenyewe, wala msiseme tu «angalia nyumba». Kila juma: kufungua madirisha yote kwa saa kadhaa, kumwaga maji katika kila choo na kila tundu, kufungua koki zote yatoke maji yaliyolala, kuzunguka kuta kutafuta njia za mchwa, kugeuza kila chombo kilichoshika maji. Baada ya kila mvua kubwa: kutazama dari zote. Kabla ya masika na kabla ya vuli: kusafisha mifereji ya paa. Wakati wote: mfuniko wa chemba uwe mahali pake. Vifaa vya kazi hiyo, yaani panga, fagio, tochi, dawa, na vocha ya simu ya kukupigia, ni gharama yako wewe.

Nne, kama kwa kweli huwezi kulipa mshahara, basi punguza unachokidai. Hapa nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila chumba kinachotolewa bila kodi ni dhuluma. Mnaweza kubadilishana chumba na kazi kwa haki, ikiwa kazi ni ndogo na siku za mtu zimebaki kuwa zake. Akifanya yale ya kila juma niliyoyataja, huku akiwa huru kwenda kwenye kibarua chake, kulala kwao akikuarifu tu, na kuondoka akipata pazuri zaidi, huyo kweli amepata kitu kwa kitu. Asipokuwa huru hivyo, ni mlinzi, na mlinzi hulipwa. Njia nyingine ni kumlipa jirani mwaminifu kwa kila mara anayokwenda kuikagua nyumba. Nyingine ni wenye nyumba watatu au wanne wa mtaa mmoja kuungana na kumlipa mlinzi mmoja sawasawa, kuliko kila mmoja kumweka maskini wake bila kitu. Jumuiya Ndogo Ndogo zinaweza kuwakutanisha watu hao, nami niko tayari kuliweka tangazo hilo baada ya Misa.

Tano, na hili ndilo lililo zito kwangu: fikirieni siku ya kuhamia.

Siku hiyo kwenu ni sherehe. Mmeingoja miaka minane, pengine kumi na miwili. Gari la mizigo linafika, watoto wanagombea vyumba, ndugu wanapika, na Paroko anaitwa kuja kubariki nyumba. Nimealikwa mara nyingi katika sherehe za namna hiyo, na nazifurahia kwa dhati. Lakini si mara moja wala mbili nimekuta, pembeni mwa geti lililopakwa rangi mpya, godoro lililofungwa kamba, masufuria ndani ya ndoo, na mama mmoja ameketi juu ya gogo na mtoto, akingoja mume wake arudi na habari za chumba. Ni yule aliyekuwa akitufungulia geti. Aliambiwa majuma mawili yaliyopita. Katikati ya muhula. Mtoto wake alikuwa darasa la saba.

Kisheria, aliyelipwa kwa mwezi hupewa taarifa ya siku 28. Na aliyetumika mwaka mzima au zaidi, mwajiri akimwachisha kazi kwa sababu tu haihitajiki tena, hulipwa walau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka kumi. Hiyo ndiyo sakafu. Juu ya sakafu hiyo pana ubinadamu wa kawaida. Siku ya kuhamia unaijua wewe mapema kuliko mtu yeyote, basi mwambie naye mapema. Mwambie Septemba kwamba utahamia Desemba, ili watoto wake wamalize mwaka. Mtafutie mwenzako anayehitaji mtunzaji, umpe na barua ya kumsifu. Mlipie kodi ya miezi ya mwanzo huko aendako. Ukikokotoa vizuri, utaona fedha hizo ni ndogo kuliko ulizotumia kwa pazia na sahani za sherehe.

Wengine mtasema kwamba Padre anaingilia mambo ya ndani ya nyumba za watu. Lakini ninyi mmenialika ndani. Mnaponiomba nizipitie kuta zile na maji ya baraka, mnakiri wenyewe kwamba nyumba ni zaidi ya tofali na mabati, na kwamba kilichotendeka humo kina uzito mbele ya Mungu. Hakikuanza kutendeka siku ile mlipoingiza makochi. Kabla yenu walikuwapo watu waliolala humo, waliougua malaria humo, waliosali rozari humo kwa mwanga wa kibatari. Mnaipokea nyumba kutoka mikononi mwao. Kama mikono hiyo imeondoka mitupu, sijui hayo maji yangu yanaosha nini.

Hivyo kuanzia sasa, nikiitwa kubariki nyumba mpya, nitauliza maswali mawili kabla ya kupanga tarehe. La kwanza: ni nani aliyeitunza nyumba hii mlipokuwa hamjahamia? La pili: usiku wa leo analala wapi? Napenda yapatiwe majibu ambayo mtoto wa darasa la pili anaweza kuyasema kwa sauti mbele ya wageni bila wazazi wake kuinamisha vichwa. Na kama mtunzaji mwenyewe yupo, ameketi kwenye kiti kama wageni wengine, na sahani yake ya pilau mkononi, nitafurahi awe wa kwanza kunyunyiziwa.

Wale ambao nyumba zenu bado zinasubiri, msikate tamaa. Mungu abariki jasho lenu, naye awafikishe. Ila juma hili, kabla hamjanunua kopo lingine la rangi, mpigieni simu yule aliyeko kule. Msimuulize habari za tenki kwanza. Muulizeni amekula nini, watoto wanasomaje, na anadai kiasi gani. Kisha kaeni mwandikiane.

Nawatakieni nyote Dominika njema na juma lenye amani.

Wenu katika Kristo,
Paroko